Kinanda Chenye Ngozi

Mwambie Mlutheri wa Kwa Mrombo, Arusha, kwamba wimbo wa leo utapigwa kwa kinanda, naye atatazama upande ule kilipo kibodi, spika na kijana aliyeinamia nyaya. Hana sababu ya kutazama kwingine. Kanisani kwetu kinanda ni kibodi. Kabla ya kibodi kilikuwa kile cha kukanyagia kwa miguu ili kipate upepo, na katika makanisa makubwa ya mbali ni kile cha mabomba. Mpiga kinanda ni mtu wa vidole kumi na vibao vyeupe na vyeusi. Lakini neno lenyewe halikuzaliwa hapo. Kamusi kongwe za Kiswahili, zilizotungwa pwani katika karne ya 19, zinakieleza kinanda kuwa ala ya nyuzi, kisha ndipo zinapoongeza kwamba watu wamelichukua neno hilo wakaziita nalo ala za Wazungu. Huko Lamu, kinanda ni jina la muziki wa kale ulioimbwa kwa gambusi, na gambusi halina kibao hata kimoja.

Mama mmoja wa jumuiya yetu alinikuta barazani nimepakata banjo, napiga wimbo wa kitabu. Akasikiliza beti mbili, akautambua, akaitikia ubeti wa tatu kwa sauti ya pili. Tulipomaliza akaniuliza, “Mwalimu, na hicho nacho ni kinanda?” Nikamjibu, “Ndiyo, mama, ni kinanda.” Alicheka kidogo, si kwa dharau, akaenda zake sokoni. Jibu langu lilikuwa fupi mno kwa swali zuri namna ile, na hapa ninataka kulitendea haki.

Banjo ni duara la mbao au la chuma lililowambwa ngozi. Shingo ndefu imechomoza upande mmoja, na nyuzi zinapita juu ya ngozi zikiwa zimeinuliwa na daraja dogo la mti, jembamba, lisilogundishwa; ukilegeza nyuzi zote, daraja linaanguka. Siku hizi ngozi nyingi ni za plastiki, lakini tunaendelea kuziita ngozi na kuwamba ndicho kitenzi chake, kilekile tunachokitumia kwa ngoma. Banjo langu lina nyuzi tano. Nne zinaanzia kichwani kama za gitaa. Wa tano ni mfupi: kigingi chake kimechomekwa ubavuni mwa shingo, katikati ya safari, na uzi huo hauguswi na mkono wa kushoto. Unapigwa kwa kidole gumba cha kulia, nao unatoa sauti ileile tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Nitaurudia uzi huo baadaye, kwa sababu Kiswahili hakijaupa jina.

Ala hii ilibuniwa na Waafrika waliotekwa na kupelekwa utumwani katika visiwa vya Karibi na Marekani. Walikuwa na kumbukumbu ya ala za kwao, mojawapo akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia, yenye kibuyu, ngozi, ufito wa shingo na uzi mmoja mfupi wa kidole gumba. Miongoni mwa banjo za zamani zaidi zilizobaki duniani ni ile iliyochukuliwa Suriname na John Gabriel Stedman katika miaka ya 1770. Sasa imehifadhiwa Leiden, Uholanzi. Kuhusu jina, wataalamu wengi wanalihusisha na mbanza, neno la Kimbundu cha Angola. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuusikia Ubantu wa neno hilo. Linakaa kinywani kama mbarika na mbalungi. Karne ya 19 wanamuziki weupe wa Marekani waliichukua ala hii, wakaipigia majukwaani wakiwa wamejipaka masizi usoni kuwakejeli waliowafundisha, na polepole watu wakasahau ilikotoka. Barani kwetu ilirudi ikiwa na jina la kigeni na sura ya kigeni. Hata hivyo vijana wa Zambia na Malawi hawakuingoja ya dukani. Wametengeneza mabanjo yao kwa madebe na mbao, na muziki wao unasimama juu ya ala hizo.

Sasa rudi pwani ulitazame gambusi, lile ambalo Lamu na Mombasa linaitwa pia kibangala. Tumbo lake limewambwa ngozi. Lina shingo, lina nyuzi, lina ngozi chini ya nyuzi. Maana yake ni kwamba ala ambayo Mswahili wa kale aliiita kinanda, kabla hajaona kibodi wala kinanda cha mabomba, inafanana na banjo kwa umbo na kwa namna inavyotoa sauti kuliko inavyofanana na kitu chochote kilichopo madhabahuni kwetu leo.

Na Luther mwenyewe? Martin Luther, aliyeishi kuanzia 1483 hadi 1546, alipiga ala ya nyuzi nyumbani kwake. Wajerumani wanaiita Laute. Jina hilo lilitoka kwa Waarabu kupitia Hispania: al-ud, yaani mti. Ni neno lilelile lililotupatia udi wa taarabu, na udi wa kufukiza vilevile. Ala ya Luther na udi wa Zanzibar ni ndugu wa tumbo moja waliopitia bandari mbili tofauti. Nyimbo za mwanzo za Walutheri, zile za kitabu kidogo cha 1524 chenye nyimbo nane tu, ziliimbwa na watu wengi kwa sauti moja, bila kusubiri kinanda cha mabomba kiwaongoze. Desturi ya kinanda hicho kuongoza usharika wote ilikuja baadaye. Anayepiga wimbo wa Kilutheri kwa nyuzi hajauondoa kwao.

Biblia ya Kiswahili imeyatunza maneno haya kuliko sisi tulivyoyatunza. Katika Zaburi ya 150 kinanda kinatajwa pamoja na kinubi, na mbele kidogo zeze linatajwa pamoja na filimbi. Waliotafsiri walikuwa wanatafuta jina la ala ya nyuzi ya Kiebrania, wakaona kinanda kinafaa. Msomaji wa Kwa Mrombo anaposoma mstari huo anaona kibodi, na kosa si lake. Neno lilihama yeye akiwa hajazaliwa. Kitu hichohicho kimelipata neno santuri. Katika kitabu cha Danieli santuri ni ala ya nyuzi inayopigwa mbele ya sanamu ya mfalme. Kwa aliyekulia na redio, santuri ni sahani nyeusi inayozunguka chini ya sindano. Neno lililobeba nyuzi likaja kubeba sauti iliyorekodiwa, na kwa kuwa santuri zenyewe nazo zimeadimika, huenda vijana wakaliacha neno hilo bila hata kujua lilikuwa na maisha mawili.

Upande wa wimbo, msamiati wetu ni tajiri na unatumika ovyo. Wimbo wa kitabu ni ule wenye namba. Namba ndiyo jina lake. Kwa miaka mingi kitabu kilikuwa Mwimbieni Bwana, sasa kuna Tumwabudu Mungu Wetu, na mzee aliyekulia kitabu cha kwanza hukuomba wimbo kwa namba ya zamani na kutarajia uujue. Pambio halina namba. Ni fupi, linarudiwa, linapigiwa makofi, na ndani ya jina lake unasikia kupamba: linaipamba ibada, linajaza nafasi kati ya jambo na jambo. Wimbo wa kwaya ni wa kwaya peke yake, sisi wengine tunakaa na kusikiliza. Kisha kuna tenzi. Wakristo wengi huziita tenzi nyimbo zote za kale zenye uzito, kwa heshima ya kitabu cha Tenzi za Rohoni, hata kama hakuna utenzi hata mmoja ndani ya kile wanachoimba. Kwa mwanafasihi utenzi una umbo lake: mishororo minne kwa kila ubeti, mizani nane kwa kila mshororo, kina cha mwisho kinachokimbia ubeti hadi ubeti. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 umejengwa hivyo.

Siwalaumu wanaosema tenzi. Lakini napenda kuuchukua utani huu wa historia kwa uzito: upo wimbo wa Luther ambao kwa hesabu ya mizani kweli ni utenzi. Ni wimbo wake wa Krismasi wa mwaka 1535, Vom Himmel hoch. Kila ubeti una mistari minne, kila mstari silabi nane. Bwana Mwengo wa Pate na Luther wa Wittenberg, wasiojuana, walihesabu sawasawa kwa vidole.

Tatizo ni mkazo. Nitatumia maneno ya kawaida kabisa ili lionekane: Niko Kwa Mrombo leo. Hesabu nami: ni-ko-kwa-m-ro-mbo-le-o. Mizani nane kamili. Hiyo M inayosimama mbele ya rombo haina irabu, lakini ni mizani timilifu na inadai noti yake katika wimbo. Mabango ya mtaani kwetu yameandikwa Kwa Mrombo na mengine Kwa Morombo, na kwa mtunzi wa nyimbo maandishi hayo mawili ni sawa: ni-ko-kwa-mo-ro-mbo-le-o, bado nane. Mwenye kuandika Morombo ameipa M irabu ya kuegemea, hakuongeza mizani. (Jina linaonekana kumtaja mtu wa Rombo, wilaya iliyopo mashariki mwa Kilimanjaro; Arusha imejaa majina ya namna hii, Kwa Mrefu, Kwa Idd, mji mzima unaoelekezwa kwa watu.)

Wimbo wa Kijerumani wa mizani nane kama ule wa Krismasi huanza na silabi nyepesi, ikafuata nzito, nyepesi, nzito, mpaka ya nane ambayo ni nzito na ndiyo yenye noti ndefu ya kupumzikia. Weka maneno yetu juu yake: ni-KO kwa-M ro-MBO le-O. Kila neno limevunjika kiuno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima: NIko, mROmbo, LEo. Mstari wa utenzi kwa hiyo unapanda kwenye mizani ya saba na kushuka kwenye ya nane, na lahani ya Kijerumani inapanda palepale sisi tunaposhuka. Ndiyo sababu tangu utoto tumezoea kuimba bwaNA na munGU, na tumezoea kiasi kwamba hatusikii tena. Nje ya kanisa hakuna mtu anayemwita Mungu hivyo.

Kinanda cha kibodi kinalificha kosa hili. Ukibonyeza kibao, sauti inatoka na kukaa ilivyo mpaka uinue kidole. Kila noti ina uzito sawa na jirani yake, na mkazo unapotea katika mtiririko. Banjo halifichi. Kila noti ni pigo, inaanza kwa mshindo na kufa haraka, na pigo likiangukia silabi isiyostahili, ngozi inalitangaza hadi kwa jirani. Niligundua hilo kwa kuimba huku nikipiga: palepale mkono ulipokuwa na nguvu, ulimi ulikuwa hautaki. Nikajaribu kuiacha ile silabi nyepesi ya mwanzo na kuanza kwa pigo kamili. NI-ko KWA-m RO-mbo LE-o. Maneno yakakaa sawa kama yanavyosemwa kituoni na mtu anayemwelekeza mgeni. Lahani ilibaki ileile, noti zilezile, ila ilikuwa imesogezwa hatua moja. Mwalimu wa kwaya anayetafsiri wimbo wa mizani nane angefanya vizuri kutafuta lahani inayoanza kwa uzito, zipo nyingi vitabuni, badala ya kuwalazimisha watu mia tatu kutamka jina la Mungu kinyume cha lugha yao.

Kuna anayeona kwamba wimbo wa kale ukipigwa kwa kasi ya banjo unadharauliwa. Namheshimu anayesema hivyo, kwa sababu anaulinda wimbo. Ila historia haimuungi mkono. Nyimbo za Luther, hata ule mashuhuri kuliko zote aliouandika karibu na mwaka 1529 akiitegemea Zaburi ya 46, zilitoka mikononi mwa watunzi zikiwa na mapigo yasiyolingana, marefu na mafupi yakifukuzana. Baadaye, katika karne zilizofuata, zilinyooshwa, kila noti ikapewa urefu sawa na mwenzake na mwendo ukapunguzwa. Tulichopokea Meru na Arusha ni ule uliokwisha kunyooshwa. Mwendo wa pole tunaouita wa asili ni wa baadaye.

Na kwa kuwa nimeutaja wimbo huo wa 1529, niseme jambo juu ya nomino yake kubwa, Burg. Kiswahili kina maneno mawili ya kuipokea. Ngome ni neno la pwani, la mawe na mizinga: Ngome Kongwe ya Zanzibar, au ile ambayo Wareno waliijenga Mombasa kuanzia 1593 na kuipa jina la Yesu. Boma ni neno la bara. Kwa Mmaasai na Mwarusha wa vijiji vya pembeni mwa mji huu, boma ni ua wa miiba unaolaza ng'ombe na watoto. Zaburi ya 18 katika Biblia ya Kiswahili inayatumia yote mawili katika mstari wa pili, boma na ngome, kana kwamba mtafsiri alitaka pwani na bara wote wapate mahali pa kukimbilia.

Lakini Arusha ina boma lingine. Wamisionari wa Leipzig waliofika Meru mwaka 1896, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri mwezi Oktoba mwaka huohuo. Jeshi la Wajerumani lilijibu kwa kuchoma na kupora, likarudi tena na tena. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, alinyongwa Moshi ya Kale, na pamoja naye viongozi wa Meru na Arusha. Miaka hiyo ndipo boma la Kijerumani lilipojengwa hapa, nyumba nyeupe ya ukuta mnene ambayo leo ni makumbusho, ikijengwa na watu walioshurutishwa kubeba mawe. Misheni ilirudi na kufungua kituo Nkoaranga mwaka 1902, kisha Ilboru mwaka 1904, na kutoka vituo hivyo nyimbo zikaenea. Mtu wa kizazi kile aliyefundishwa kuimba juu ya boma la Mungu angeliona boma gani akilini? La ng'ombe na watoto, au lile lililokuwa linapanda ukuta mbele ya macho yake? Naamini ngome lilikuwa neno salama zaidi kwa watu wa Meru, kwa sababu halikuwa na ukuta wa hapa. Neno lisilo la kwao liliwapa nafasi ya kulijaza wenyewe.

Turudi kwenye lahani. Kazi ya kuzioanisha na lugha ilifanyika kwa bidii kubwa umbali mfupi tu kutoka hapa. Makumira, karibu na Usa River, kwenye chuo cha teolojia cha Walutheri, Howard Olson, mmisionari kutoka Marekani, aliwahimiza wanafunzi wake watunge kwa lahani za makabila yao badala ya kubandika Kiswahili juu ya lahani za Ulaya. Mkusanyo wake, Tumshangilie Mungu, ulitoka mwaka 1968. Kutoka katika juhudi hizo tuna wimbo wa Pasaka wa Bernard Kyamanywa, Mfurahini, Haleluya, uliowekwa katika lahani ya Kihaya na ambao sasa unaimbwa na makanisa ya mabara mengine. Angalia jina lake tu. Neno la kwanza lina mizani tano, m-fu-ra-hi-ni, na ya kwanza ni ile M isiyo na irabu, nayo imepewa noti yake ya kwanza bila kuonewa. Mtunzi aliyezaliwa ndani ya lugha za Kibantu hakuhitaji kuambiwa kwamba M ni mizani. Wimbo huo nimeupiga kwa banjo bila kusogeza chochote.

Hapa ndipo ninapokwama kwa maneno, na nakwama kwa furaha. Waandishi wa habari za muziki wa dansi walitupatia vitenzi vya kupendeza: mcharaza gitaa, mkung'uta besi, mpapasa kinanda. Kila kitenzi kimeona mkono unafanya nini. Kucharaza kuna wepesi na fujo ya vidole. Kukung'uta kuna uzito wa mtu anayetikisa mti. Kupapasa kuna kiganja kinachotembea juu ya vibao bila kuinuka. Kwa banjo hakuna kimoja kinachotosha. Mkono wangu wa kulia unashuka kutoka juu ukiwa umejikunja, ukucha wa kidole cha shahada unagonga uzi kuelekea chini, kisha kidole gumba, ambacho kilikuwa kimeshatua juu ya ule uzi mfupi, kinaudonoa kikiondoka. Gonga, donoa. Gonga, donoa. Kudonoa ni cha kuku na ndege, kinaufaa uzi ule kabisa. Kugonga ni cha mlango. Nikisema napiga banjo kwa kugonga na kudonoa, msikilizaji anaona mkono. Kucharaza ninakiweka akiba kwa pale ninapopiga nyuzi zote kwa pamoja mwishoni mwa ubeti.

Uzi wa tano wenyewe ninauita uzi wa mvumo. Mvumo ni sauti inayokaa chini ya sauti nyingine bila kubadilika, ya nyuki au ya mto unaosikika kwa mbali. Nimelifunga banjo langu ili uzi huo uwe do ya wimbo. Kwaya zetu zinasoma kwa do-re-mi, kwa hiyo wanakwaya wananielewa upesi nikisema kwamba lahani inapanda hadi la na kushuka hadi re, wakati kidole gumba kinarudi do, do, do bila kujali. Ugumu ni kwamba wimbo wa Kilutheri wa sauti nne hubadilisha upatanifu karibu kila noti, na kuna mahali do ile inagombana na ti iliyo juu yake. Sauti ya tatu na ya nne zikiwepo, mgongano huo unauma. Dawa yake ni kupiga lahani peke yake pamoja na mvumo, na kuziacha sauti nyingine kwa watu. Ndivyo tunavyoimba msibani chini ya turubai, mtu mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, na ikiwa ameuanzisha juu sana wanamama wanamwambia waziwazi aushushe. Banjo linamsaidia mwanzishaji asikosee urefu, kisha linakaa nyuma.

Matarumbeta nayo ni sehemu ya Ulutheri wa upande huu, na yeyote aliyewahi kukutana na msafara wa harusi barabara ya Sokoine au njia ya kuja kwetu, wapigaji wamepanda nyuma ya pikapu, anajua kwamba Wajerumani walituachia desturi ya kupiga nyimbo za kitabu kwa shaba na kwamba sisi tumeifanya yetu kabisa. Hakuna aliyewahi kuuliza kama tarumbeta ni la kanisani. Neno lake lilikuja na ala yake, ala ikaingia ibadani, basi. Kinanda ni tofauti, kwa sababu neno lilikuwepo kabla ya ala iliyolichukua.

Kwa wanaoandaa kamusi, nina ombi moja. Katika kidahizo cha kinanda, rudisheni ala ya nyuzi iwe maana ya kwanza, na kibodi kifuate, kwa kuwa ndivyo maana zilivyokuja. Pale penye banjo, ongezeni kwamba lina ngozi. Mtu asiyejua ngozi hajajua kwa nini linalia namna lile. Na kwa walimu wa kwaya wa Kwa Mrombo, Muriet na kote Meru: kabla ya kuwafundisha watu lahani mpya, semeni maneno yake kwanza kwa sauti ya mazungumzo, hesabuni mizani, tieni alama kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa kila neno, kisha pigeni lahani kwa ala yenye mshindo, hata kama ni kidole juu ya meza. Pale pigo na mkazo vinapoachana, badilisheni lahani, si lugha.

Mama yule wa jumuiya nilimwambia kweli. Banjo ni kinanda.